Hata kwa Saa Moja: Tuliyojifunza Mlangoni Tukihesabu Wasio na Kazi

Juni 2014 watu zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka huohuo ulifanyika Utafiti wa Watu Wenye Uwezo wa Kufanya Kazi, na matokeo yake yakasema kiwango cha ukosefu wa ajira Tanzania Bara ni asilimia 10.3, kimeshuka kutoka asilimia 11.7 ya mwaka 2006. Aliyekaa juani siku ile uwanjani akisikia namba hiyo ana haki ya kuuliza: nani alihesabiwa? Neno linalofuata huwa ni moja tu, takwimu zimepikwa.

Sisi ambao tumebisha hodi na dodoso za namna hii tunajua kwamba mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Sehemu kubwa ya vijana wa uwanjani wale, kama mdadisi angewafikia nyumbani wiki ile, wangeandikwa kuwa wana kazi. Mmoja anasukuma bodaboda ya shemeji yake jioni, mwingine anamsaidia mama gengeni, mwingine alipata kibarua cha kubeba zege Jumanne. Hakuna aliyeghushi chochote hapo. Dodoso limeuliza swali lake na kujibiwa. Upotofu tulioushuhudia sisi hutokea zaidi mlangoni kuliko ofisini, na unaanzia kwenye neno dogo kabisa: kazi.

Haya tunayaandika kwa ajili ya mdadisi anayeingia mafunzoni kwa mara ya kwanza, na kwa msomaji anayetaka kujua aamini kiasi gani.

Mafunzo huanza na kanuni ambayo karibu kila mgeni huikataa kimoyomoyo. Mtu mwenye miaka 15 na zaidi aliyefanya shughuli ya malipo au faida hata kwa saa moja katika siku saba zilizopita, anahesabiwa ameajiriwa. Kanuni hiyo ilipitishwa na mkutano wa wanatakwimu wa kazi wa Shirika la Kazi Duniani mwaka 1982. Sababu yake ni ya kihesabu. Pato la taifa linahesabu kila kilichozalishwa, hata andazi moja lililouzwa kibarazani, kwa hiyo upande wa pili wa daftari lazima awepo mtu aliyelizalisha. Ukiielewa sababu hiyo utaacha kuiona kanuni kama hila. Utaona pia mpaka wake: haikuundwa kupima kama mtu anaishi kwa kazi yake.

Baada ya mafunzo ni uwandani. Hatua ya kwanza ni kuorodhesha kaya zote za eneo la kuhesabia watu, mkiongozwa na mwenyekiti wa mtaa au mjumbe. Tuseme mmepata kaya 120 na mnatakiwa kuhoji 12. Mnagawanya mnapata 10, mnachagua namba ya kuanzia kwa bahati nasibu kati ya 1 na 10. Ikitoka 7, mtahoji kaya ya 7, ya 17, ya 27, hadi ya 117. Orodha ya haraka ni kosa la gharama kubwa. Nyumba moja ya mjini inaweza kuwa na wapangaji vyumba vinane, kila chumba kaya yake, na ukiandika "nyumba ya mzee fulani, kaya moja" umewafuta saba. Wanaofutwa hivyo ni vijana wanaoishi peke yao, yaani haohao utafiti unaowatafuta. Usiondoke uani kabla ya kuuliza kila mlango una jiko la nani.

Halafu unafika mlangoni.

Dodoso limeandikwa: "Katika siku saba zilizopita, je, ulifanya shughuli yoyote ya kukupatia kipato, kwa fedha au kwa mali, hata kwa saa moja?" Mdadisi aliyechoka huuliza: "Una kazi?" Tofauti ya maswali hayo mawili inaweza kubeba asilimia kadhaa za nchi nzima. Kwa Mswahili wa leo, kazi ni ile yenye barua ya ajira na mshahara wa mwisho wa mwezi. Kwa hiyo atajibu "sina kazi, nabangaiza tu," au "nipo mtaani," au "nimemaliza chuo, nasubiri ajira." Mama ambaye ameamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa maandazi atakwambia ni mama wa nyumbani tu, na beseni la maandazi limefunikwa kwa kitambaa hatua mbili kutoka mlipokaa.

Namna ya kuchimba ni kutaja vitu vyenyewe bila kumtia mtu maneno mdomoni. Kuna chochote unachouza hapa nyumbani, barafu, ubuyu, mkaa? Kuna mtu uliyemsaidia dukani au shambani wiki hii ukapewa chochote? Kuna aliyekuita umfulie, umsuke, umtengenezee simu? Taja siku kwa majina yake, kuanzia jana kurudi nyuma, kwa sababu watu hukumbuka Jumamosi ya soko kuliko "siku saba." Usimkumbushe kwa kumsuta. Kijana mwenye shahada aliyebeba matofali siku mbili anapoona unagonga "ndiyo" kwenye kishikwambi, uso wake hubadilika. Anajua umemwandika ameajiriwa. Usibishane naye wala usimpongeze. Mbele kuna maswali ya saa alizofanya kazi, na kama angependa kuongezewa saa, na kama yuko tayari kuzifanya. Hayo ndiyo yatakayomtoa kwenye kundi la wenye kazi ya kutosha na kumweka kwenye kundi la wenye kazi pungufu. Mdadisi anayeyaruka kwa sababu jua linazama amemnyima kijana huyo njia pekee ya kuonekana alivyo.

Na maswali hayo hurukwa kweli, kwa sababu ambayo haizungumzwi sana. Ukijibu "ndiyo, alifanya kazi," dodoso linafungua kurasa: aina ya shughuli, mwajiri, mkataba, malipo, saa, kazi ya pili. Ukijibu "hapana," unarukia mbele. Katika kaya yenye watu wazima sita, "hapana" tatu zinaokoa karibu saa nzima. Mdadisi mwenye kaya nyingine mbili za kumaliza, posho isiyotosha na njia ya kurudi ya kilomita nne hujikuta akiridhika na "hapana" bila kuuliza zaidi. Wasimamizi wazuri hulipima jambo hili: wanalinganisha wadadisi wa eneo moja wiki kwa wiki, na yule ambaye wasio na kazi wake wanaongezeka kadiri siku zinavyosonga hurudishwa kwenye kaya mbili tatu pamoja na msimamizi. Ukiwa msimamizi, fanya hivyo tangu wiki ya kwanza. Wiki ya nne ukigundua, kaya za nyuma zimeshapotea.

Kosa jingine ni kumhoji mtu mmoja kwa niaba ya wote. Baba atasema juu ya mwanawe, "Huyo? Kazi yake kulala." Hajui kwamba mwanawe hulala mchana kwa sababu usiku anaosha magari stendi. Mama atasema binti yake hafanyi chochote, hajui biashara anayoifanya kwa simu. Mtu ajibu mwenyewe. Hayupo, rudi jioni, rudi Jumapili, ufike mara tatu kabla ya kukata tamaa. Na usihamie kaya ya jirani kwa sababu pale kuna mtu. Mlango wenye kufuli saa nne asubuhi mara nyingi ni wa mtu aliyekwenda kazini. Ukijaza nafasi yake kwa jirani aliyekaa barazani, umeongeza ukosefu wa ajira kwa miguu yako mwenyewe.

Ukanda wa pwani una mtihani wake. Wanawake wanaolima mwani huingia baharini siku za bamvua, maji yanapokauka mbali. Maji mafu yakikaa, hawaendi. Siku saba za dodoso zinaweza kuangukia maji mafu zote, na mkulima wa mwani mwenye kamba zake baharini akakujibu kwa ukweli kabisa kwamba wiki hii hakufanya kitu. Kuna swali la pili kwa ajili yake: je, una shughuli ambayo hukuifanya wiki hii lakini utairudia? Wengi hulisoma haraka kana kwamba ni la wafanyakazi walio likizo ya ofisini. Lisome polepole, na liulize kwa bahari: bamvua likija utaingia? Bara ni hivyohivyo kwa mkulima kati ya palizi na mavuno. Ndiyo maana utafiti uliosambazwa miezi 12 unaaminika kuliko uliofanywa robo moja ya mwaka, na jambo la kwanza la kutazama kwenye ripoti yoyote ni miezi ya kukusanya takwimu.

Tuseme mtu kweli hakufanya chochote. Bado hajawa "asiye na ajira" kwa tafsiri ya kimataifa. Lazima awe tayari kuanza kazi ikipatikana, na awe ameitafuta katika wiki nne zilizopita. Kutafuta si kupeleka barua tu. Kumuuliza rafiki, kwenda kwenye mageti ya viwanda, kuhangaikia mtaji, kiwanja au leseni ya kuanzisha biashara, vyote vinahesabika, na mdadisi lazima avitaje. Asiyetafuta huwekwa nje ya nguvu kazi, yaani jumla ya wenye kazi na wanaoitafuta, pamoja na mwanafunzi na mzee aliyestaafu.

Hapa ndipo namba inapoweza kushuka huku maisha yakiwa magumu zaidi. Chukua kata ya mfano yenye watu wazima 1,000. Waliofanya kazi ni 640, wasio na kazi wanaotafuta ni 60, walio nje ya nguvu kazi ni 300. Nguvu kazi ni 700, na kiwango ni 60 kwa 700, yaani asilimia 8.6. Mwaka unapita, hakuna hata mmoja aliyepata kazi, ila 30 kati ya wale 60 wamechoka kutafuta. Sasa wasio na ajira ni 30, nguvu kazi ni 670, kiwango ni asilimia 4.5. Vichwa vya habari vitasema ukosefu wa ajira umepungua kwa karibu nusu. Dawa ipo: mkutano wa wanatakwimu wa kazi wa mwaka 2013 uliweka vipimo vinne vya nguvu kazi isiyotumika ipasavyo, vinavyosomwa pamoja, LU1 hadi LU4. LU1 ndicho kiwango cha kawaida. LU3 hurudisha hesabuni wale walio tayari kufanya kazi ingawa hawakutafuta. Kwa kata yetu, LU3 ni 30 na 30 kwa 700, asilimia 8.6 ileile. Namba hizo zikiwa ndani ya ripoti na wewe ukasoma ya kwanza tu, umejidhulumu.

Tanzania ililiona tatizo hilo mapema na ikawa na tafsiri yake ya kitaifa. Inawajumlisha walio tayari kufanya kazi hata kama hawakutafuta, maana kijijini mtu atatafuta wapi? Inawajumlisha pia wenye vibarua visivyo na uhakika wa kesho, ingawa kanuni ya saa moja huwahesabu wameajiriwa. Ile asilimia 10.3 ya 2014 na asilimia 9.0 ya utafiti wa 2020/21 ni za tafsiri hiyo pana. Ukikuta mahali pengine kwamba ukosefu wa ajira Tanzania ni mdogo kuliko hapo kwa mbali sana, uwezekano mkubwa ni tafsiri ya kimataifa. Usiziweke kwenye mchoro mmoja.

Nchi mbili zinatuonyesha jinsi swali linavyoweza kuigeuza namba bila maisha ya mtu kugeuka. Nigeria ilikuwa ikimhesabu hana ajira mtu aliyefanya kazi chini ya saa 20 kwa wiki, na mwishoni mwa 2020 kiwango kilikuwa asilimia 33.3. Mwaka 2023 ikatangaza matokeo kwa kanuni ya saa moja: asilimia 5.3 kwa robo ya mwisho ya 2022. Watu walikasirika, na tunawaelewa. Rwanda ilikwenda upande mwingine. Ilipoanza kutumia mwongozo wa mkutano uleule wa 2013, ambao humwondoa kwenye ajira anayelima hasa kwa chakula cha nyumbani kwake, kiwango chake kiliruka kutoka takriban asilimia 2 na kuingia tarakimu mbili. Mkulima ni yuleyule, na jembe ni lilelile. Kwa mdadisi, mwongozo huo umelipa uzito swali ambalo zamani lilipitwa haraka: mazao haya hasa ni ya kuuza au ya kula? Usikubali "yote mawili." Uliza zaidi ya nusu yalikwenda wapi.

Tukirudi kwa msomaji, tunaomba jambo moja kuliko yote: ukiona asilimia, tafuta chini yake pana nini. Sensa ya Kenya ya 2019 ilizaa kichwa cha habari kwamba vijana milioni 5.3 kati ya milioni 13.8 wa miaka 18 hadi 34 hawana kazi, karibu asilimia 39. Lakini ndani ya hao milioni 5.3, takriban milioni 3.7 walikuwa nje ya nguvu kazi, wakiwemo wanafunzi. Waliotafuta kazi au kusema hakuna kazi walikuwa kama milioni 1.6. Ukiwagawanya kwa nguvu kazi ya vijana, kama milioni 10, unapata takriban asilimia 16. Hiyo bado ni namba ya kuumiza. Haikuhitaji kukuzwa, na kuikuza kunampa mtawala sababu ya kuitupa yote. Tazama pia umri: kijana wa Tanzania ni wa miaka 15 hadi 35, wa takwimu nyingi za kimataifa ni 15 hadi 24. Na "asilimia fulani ya wasio na ajira ni vijana" si sawa na "asilimia hiyo ya vijana hawana ajira." Kosa hilo tumelisikia hadi kwenye majukwaa ya wakubwa.

Kenya ilianzisha kitu ambacho tunakitamani, utafiti wa kila robo mwaka, mwaka 2019. Ndiyo maana janga la korona lilionekana mara moja: asilimia 5.2 robo ya kwanza ya 2020, asilimia 10.4 robo ya pili, kisha 7.2 robo ya tatu. Sisi tulikuwa na 2014, halafu 2020/21. Pigo linaloingia na kutoka kati ya tafiti mbili halionekani kamwe, hata wadadisi wangekuwa malaika.

Je, wakubwa huingilia? Mahali pa kutazama ni tarehe ya kutolewa ripoti na tafsiri iliyochaguliwa kwenye hotuba. Kuzigusa takwimu ghafi zilizopita mikono mingi ni kugumu zaidi. Sheria nayo ni kipimo. Septemba 2018 Tanzania ilibadilisha Sheria ya Takwimu na kufanya kosa la jinai kuchapisha namba zinazopingana na za serikali. Juni 2019 kifungu hicho kikarekebishwa, na ilikuwa heri, kwa sababu namba isiyoruhusiwa kupingwa haiaminiki hata ikiwa sahihi. Nchi tajiri nazo hazijasalimika. Uingereza Oktoba 2023 ilisitisha kutoa baadhi ya takwimu za utafiti wake wa nguvu kazi kwa sababu kaya zilizokubali kujibu zilikuwa chache mno. Marekani, Agosti 2025, Rais Donald Trump alimfukuza Erika McEntarfer, mkuu wa ofisi ya takwimu za kazi, siku ileile zilipotoka namba zilizoonyesha ajira za Mei na Juni zimerekebishwa kushuka kwa 258,000. Marekebisho yale yalikuwa kazi ya kawaida: waajiri waliochelewa kujibu wamejibu, hesabu imerudiwa. Tunawaambia wageni wa kazi hii kwamba ofisi isiyorekebisha namba zake kamwe ndiyo ya kutiliwa shaka.

Kwa hiyo, ukishika ripoti, fungua kwanza nyuma, kwenye viambatisho. Humo kuna dodoso lenyewe, miezi ya kazi ya uwandani, idadi ya kaya zilizojibu na zilizokataa, na makosa ya sampuli. Kama mkoa wako umehojiwa kaya mia chache, usibishane juu ya nusu asilimia kati ya mkoa wako na wa jirani. Halafu tafuta jedwali la saa za kazi na la walio na kazi pungufu. Afrika Kusini huziweka namba mbili pamoja kila robo, na robo ya kwanza ya 2025 zilikuwa asilimia 32.9 rasmi na 43.1 ukiwajumlisha waliochoka kutafuta. Ripoti inayokupa moja tu, iandikie ofisi yake uombe ya pili.

Na kwa mdadisi, swali utakaloulizwa wewe, karibu kila mtaa: "Nikisema sina kazi, mtanipa?" Anayeuliza hatanii. Ana bahasha ya vyeti ndani, na mama yake anasikiliza kutoka jikoni. Usiahidi chochote, hata kwa kutikisa kichwa. Ukiahidi, habari itakutangulia, na kufikia nyumba ya tatu mtaa mzima hauna kazi. Utafiti unaofuata, milango itafungwa. Mwambie: hapana, ndugu yangu, hatutoi kazi, jina lako haliendi kwa mtu yeyote, na kaya hii imechaguliwa kuzisemea kaya mamia ambazo hatutazifika. Mpe nafasi anyamaze kama anataka kunyamaza. Kisha rudi kwenye swali la siku saba, ulisome lote, pamoja na yale maneno manne ambayo utatamani kuyaruka: hata kwa saa moja.